MTANI HUCHIMBA KWANZA

(Hotuba iliyosomwa na mmoja wetu katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Mpanda, mkoa wa Katavi)



Mwenyekiti aliponiandikia alinitaka niseme maneno machache juu ya michezo, kwa kuwa alasiri ya leo sisi wa zamani tutapambana na vijana uwanjani. Mwenyekiti ananijua vizuri. Anajua kuwa katika michezo sina mchango mwingine ila maneno. Miaka yote niliyosoma hapa sikupata kuvaa jezi ya shule hata mara moja. Nilikuwa mshabiki. Kwa hiyo nimeona niseme juu ya mashabiki, na hasa juu ya mmoja aliyekwisha fariki dunia, ambaye mimi nina deni lake.

Huyo ni Ally Mohamed, aliyejulikana nchi nzima kwa jina la Ally Yanga. Vijana wengi mlio hapa mlikuwa watoto wadogo alipofariki, kwa hiyo niruhusuni niwaeleze. Ally hakuwa mchezaji, wala hakuwa kocha, wala hakuwa kiongozi wa klabu. Alikuwa mpenzi wa Young Africans. Timu yake ilipocheza alijipaka rangi ya kijani na ya njano mwilini, akajaza tumbo la bandia, akaingia jukwaani, na watu wakajua kuwa sasa mchezo upo. Picha yake ilitoka magazetini mara nyingi kuliko picha za baadhi ya wachezaji waliosajiliwa kwa fedha nyingi. Alikufa kwa ajali ya gari katika wilaya ya Mpwapwa, mkoa wa Dodoma, tarehe 20 Juni 2017, katika siku za mwisho mwisho za mwezi wa Ramadhani.

Sasa ndugu zangu, wale wanaonifahamu wameanza kutazamana, na naona wengine wanacheka. Wanajua kuwa mimi ni Simba. Nilizaliwa Simba, nimesoma nikiwa Simba, na nimeajiriwa na Serikali nikiwa Simba. Mtu wa Msimbazi anafanya nini kumsifu mtu wa Jangwani mbele ya hadhara? Swali hilo ndilo nililokuja kulijibu, na jibu lake linaanzia jikoni kwa shule hii.

Nilifika hapa kidato cha kwanza Januari 1993. Wakati ule hakukuwa na mkoa wa Katavi. Mkoa huu ulianzishwa mwaka 2012, na sisi tulihesabiwa wa Rukwa, makao makuu yetu yakiwa Sumbawanga. Njia yetu ya kwenda duniani ilikuwa reli, ile iliyojengwa kutoka Kaliua karibu mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi ya hapa Mpanda. Machimbo yale yalifungwa, lakini reli ikabaki, na pamoja na abiria na magunia ya mahindi ilituletea magazeti ya siku nyingi zilizopita. Gazeti la Jumatatu tulilisoma Alhamisi, na tulilisoma kama limechapishwa asubuhi hiyo. Habari za siku ileile tulizipata kwa Radio Tanzania tu, tena pale betri zilipokuwa na nguvu. Zilipochoka tulizianika juani juu ya bati, tukaziomba Mungu.

Shule nzima ilikuwa na redio moja iliyokuwa ya kuaminika, na ilikuwa ya mzee wetu wa jikoni. Sitamtaja jina, kwa sababu familia yake sijaiomba ruhusa, lakini wa zamani mnamkumbuka wote. Alitupikia ugali na maharage kwa miaka mingi kuliko mwalimu yeyote aliyepata kufundisha hapa. Mzee yule alikuwa Simba wa kufa na kuzikana. Na zaidi ya Simba, alikuwa mshabiki wa timu ya shule. Tulipokwenda kucheza uwanja wa Azimio, yeye alikuwa akitoka nyuma yetu kwa miguu, sufuria begani na mwiko mkononi, na alilipiga sufuria lile tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho, tushinde tusishinde. Tukifungwa mabao matatu, mlio wa sufuria ulikuwa uleule. Wachezaji wetu walisema kuwa wakilisikia sufuria lile hujisikia wako nyumbani.

Simba iliposhinda, mzee aliwaita vijana wa Yanga dirishani, akawagawia ukoko mkubwa kuliko wetu, akisema, "Chukueni rambirambi, wanangu." Sisi wa Simba tuliona wivu. Tulikuwa tumeshinda, na ukoko wanakula wao!

Mwaka ule wa 1993 ulikuwa mwaka wa makubwa kwa mpira wetu. Yanga walikwenda Kampala wakatwaa Kombe la Klabu Bingwa ya Afrika Mashariki na Kati. Simba nao wakafika fainali ya Kombe la CAF dhidi ya Stella ya Abidjan. Walitoka suluhu kule Ivory Coast, bila kufungana. Ikabaki mechi ya marudiano Dar es Salaam, Jumamosi ya tarehe 27 Novemba, na hesabu ilikuwa nyepesi: kushinda bao moja tu, na kombe la Afrika linakaa Tanzania. Jioni hiyo nusu ya shule ilikuwa imebanana nje ya jiko. Mnajua kilichotokea. Stella walishinda 2 kwa 0.

Vijana wa Yanga walikuwa wamejiandaa. Walikata mgomba, wakautengeneza kama jeneza, wakaufunika shuka, wakaja nao jikoni kwa nyimbo za msiba. Aliyetangulia mbele alikuwa rafiki yangu mkubwa, tuliyelala kitanda cha juu na cha chini tangu siku ya kwanza. Yeye ni Mnyamwezi wa Tabora, na kwa mzaha hakuwa na mpinzani shuleni hapa. Walipofika mlangoni walimkuta mzee ameketi juu ya gogo, redio imezimwa, na machozi yanamtoka. Mtu mzima, mwenye mvi.

Rafiki yangu alisimama. Akawaashiria wenzake waushushe mgomba. Kisha bila kusema neno akaingia jikoni, akachukua majivu na guzi la mahindi, akaanza kusugua masufuria ya chakula cha usiku. Wenzake nao wakamfuata mmoja mmoja. Waliosha vyombo vyote, wakachota maji, wakapanga kuni za asubuhi. Kazi ilipokwisha ndipo rafiki yangu akamgeukia mzee akamwambia, "Sasa mzee wangu, maiti yenu tumeileta, tuizike wapi?" Mzee akacheka mpaka akashika mbavu. Na sisi tuliokuwa tumenuna tukacheka.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitano. Niliona mambo hayo kwa macho yangu lakini sikuyaelewa. Nilidhani ni huruma tu.

Ndugu zangu, hapa nataka niwaombe vijana mnisikilize kwa makini. Simba na Yanga tunaitana watani wa jadi. Neno hilo tunalisema kila siku, redioni na magazetini, hata tumesahau kuwa ni neno zito. Utani ni mila ya watu wetu. Wanyamwezi na Wazaramo, kwa mfano, walifanyiana utani tangu siku za misafara ya kwenda pwani, wakati wapagazi kutoka bara walipopita katika nchi ya Wazaramo wakiwa wageni wenye njaa na maradhi. Mgeni alihitaji maji, alihitaji mahali pa kulala, na akifa njiani alihitaji mtu wa kumzika. Haya hayawezekani kati ya watu wanaoogopana. Utani ulikuwa mkataba wa watu wasio ndugu: nitakutukana usikasirike, nitachukua kuku wako usinishtaki, lakini siku ya shida mimi ni wako.

Na siku ya shida iliyo kubwa kuliko zote ni msiba. Waulizeni wazee wenu majumbani. Mtani akifika msibani ndiye mwenye kazi. Hushika jembe, hubeba, hupika, huhangaika na mambo ambayo wafiwa kwa uchungu wao hawawezi kuyafanya. Na katikati ya kazi hiyo ndipo huigiza sauti ya marehemu, hulizuia jeneza mpaka alipwe, hujilaza kaburini akisema pana joto, na wafiwa wanacheka huku wanalia. Hakuna anayemkasirikia. Amekwisha lipa kwa jasho lake haki ya kusema anayosema.

Klabu zetu mbili ni watani wa namna hiyo kwa asili yao. Yanga ilianzishwa mwaka 1935. Mwaka 1936 baadhi ya watu walijitenga wakaunda timu yao, ikaitwa Queens, baadaye Eagles, baadaye Sunderland, na mwaka 1971 ikachukua jina la Simba. Ni watu wa Kariakoo mmoja, waliozikana na kuoleana. Wamefungana mabao ya aibu kwa zamu. Yanga walishinda 5 kwa 0 mwaka 1968, Simba wakalipa 6 kwa 0 mwaka 1977 na 5 kwa 0 mwaka 2012, na Yanga wakarudisha 5 kwa 1 mwaka 2023. Baada ya kila kipigo kama hicho watu waliamka asubuhi wakaenda kazini pamoja, dukani pamoja, msikitini na kanisani pamoja.

Sasa nirudi kwenye deni langu.

Mzee wetu wa jikoni alifariki mwaka 2013. Wakati huo nilikuwa nimekwisha maliza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kuajiriwa, na nilikuwa mtu mwenye meza, mihuri na shughuli nyingi. Habari ilinifikia kwa simu. Nilisema maneno ya masikitiko, nikaahidi kutuma mchango, kisha vikao vikanizidi na mchango sikuutuma. Mimi ni Simba, na marehemu alikuwa Simba. Aliyekwenda ni rafiki yangu wa Yanga. Alipanda basi Tabora, barabara ikiwa bado ya vumbi na siyo hii ya lami mnayoiona leo, akafika Mpanda usiku, na alfajiri alikuwa makaburini na jembe mkononi. Nimeambiwa na waliokuwapo kwamba kaburi lilipokamilika alisimama ndani yake akatangaza kuwa hatoki mpaka Simba wote walipe ada ya kumpokea mwenzao. Mjane alicheka. Mwanamke ambaye siku mbili alikuwa hajafungua kinywa kula wala kusema, alicheka.

Habari hiyo niliisikia nikaifurahia kama kisa. Sikujiona ndani yake.

Ikaja Juni 2017. Mwezi mmoja nyuma Yanga walikuwa wametwaa ubingwa wa ligi kwa mara ya tatu mfululizo. Walilingana na sisi kwa pointi, 68 kwa 68, wakatushinda kwa wingi wa mabao. Hakuna jambo linalouma kama hilo. Sisi tulijifariji kwa Kombe la Shirikisho, tulilolichukua Dodoma, uwanja wa Jamhuri, kwa kuwafunga Mbao 2 kwa 1. Kundi letu la WhatsApp la wanafunzi wa zamani, ambalo wengi wenu mmo, lilikuwa limejaa mzaha usiku na mchana. Jumanne ile, nikiwa ofisini, mtu aliandika: Ally Yanga amefariki dunia kwa ajali.

Mimi nilidhani ni mzaha mwingine. Lakini sitajificha nyuma ya hilo, maana hata kama ni mzaha ningeweza kuuliza kwanza. Sikuuliza. Niliandika upesi, ili niwe wa kwanza kuchekesha, kwamba amekimbia kipigo cha msimu ujao. Wengine wakaweka alama za kicheko. Nikaweka simu mezani, nikiwa nimeridhika na nafsi yangu.

Baada ya nusu saa nikaitazama tena. Picha za gari zilikuwa zimefika. Na chini ya maneno yangu rafiki yangu alikuwa ameandika mistari miwili, ambayo ninayo kichwani mpaka leo: "Ni kweli amekufa. Mimi nilimchimbia wa kwenu. Wewe wa kwetu umemcheka kabla hajaoshwa." Kisha akatoka katika kundi.

Nilimpigia simu, hakupokea. Nilimwandikia, hakujibu. Kwa miezi kadhaa ndugu yule tuliyegawana shuka moja wakati wa baridi hakunisemesha. Siku aliyopokea simu yangu nilianza kujieleza, nikasema kuwa ulikuwa utani tu na sisi ni watani. Akanikatiza. Akasema, "Mwenzangu, mtani huchimba kwanza. Ulichofanya wewe kina jina jingine."

Ndugu Mwenyekiti, nimesoma vitabu vingi, nimehudhuria semina nyingi za Serikali juu ya umoja na mshikamano, lakini sijapata somo fupi na zito kuliko hilo. Mtani huchimba kwanza. Ndipo nikauona tena ule usiku wa Novemba 1993, na nikaelewa kwa nini masufuria yalisuguliwa kabla ya jeneza la mgomba kuingizwa ndani.

Kwa hiyo leo nimesimama hapa kufanya nilichopaswa kufanya wakati ule. Niseme juu ya Ally Mohamed kama mtani anavyopaswa kusema.

Nilimwona mara kadhaa pale Uwanja wa Taifa, ule unaoitwa sasa Uwanja wa Benjamin Mkapa, uliofunguliwa mwaka 2007 na wenye nafasi ya watu 60,000. Sisi tulikuwa upande wetu mwekundu, yeye upande wao. Kwa umbali ule uso wa mchezaji huuoni vizuri, lakini Ally ulimwona. Tulimzomea, na kuzomewa kwenyewe kulikuwa sehemu ya kazi yake. Fikirini, vijana: mtu anaamka alfajiri, anajipaka rangi mwili mzima, anakaa juani mpaka jioni, anapiga kelele mpaka sauti inakauka, na mwisho wa yote jina lake haliingii katika karatasi ya mwamuzi. Mchezaji akifunga bao huandikwa. Kocha akishinda huongezewa mkataba. Shabiki akishinda anapata furaha tu, na akishindwa anabaki na gharama zake. Hata hivyo bila yeye mpira haupo. Viingilio vinatoka mfukoni mwake, na hata fedha za matangazo zinafuata macho na masikio yake. Yeye hulipa, huimba, hurudi nyumbani.

Ally alikufa timu yake ikiwa bingwa. Hakuiona Simba ikichukua ligi mara nne mfululizo kuanzia msimu uliofuata. Mtani wake nasema hapo aliwahi kuondoka kwa akili! Lakini pia hakuiona Yanga ikitwaa nne zake mfululizo baada ya hapo, wala hakuiona ikifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023, ilipofungwa 2 kwa 1 nyumbani na USM Alger, ikaenda Algiers ikashinda 1 kwa 0, na kulikosa kombe kwa sheria ya bao la ugenini. Nilitazama mechi ile ya kwanza na nikamkumbuka. Siku hiyo hiyo, tarehe 28 Mei 2023, mtu mmoja alipoteza maisha katika msongamano wa kuingia uwanjani. Alikwenda kuishangilia timu yake akarudishwa maiti. Wangapi kati yetu tunalijua jina lake? Mabao ya siku ile tunayajua yote.

Jambo hili si la Tanzania peke yake. Jirani zetu wa Kenya walikuwa na Isaac Juma, mshabiki wa AFC Leopards na wa Harambee Stars, naye wa kujipaka rangi na kucheza ngoma jukwaani. Mtu huyo aliyewachekesha maelfu aliuawa nyumbani kwake Mumias, Januari 2022. Na kule Brazil alikuwapo mzee mmoja mwenye sharubu na kofia pana, Clóvis Fernandes, aliyeifuata timu ya taifa lake katika Makombe ya Dunia saba akiwa amekumbatia mfano wa kombe kifuani. Tarehe 8 Julai 2014 Brazil walifungwa 7 kwa 1 na Wajerumani, tena nyumbani kwao, na picha ya mzee yule akililia kombe lake ilizunguka dunia. Baada ya hapo alimwendea shabiki wa Ujerumani akampa lile kombe alibebe kwenda fainali, kwa kuwa wao ndio waliostahili. Alifariki mwaka uliofuata. Mzee yule hakuwa Mnyamwezi wala Mzaramo, lakini nadhani rafiki yangu angemkubali kuwa mtani.

Sasa nije kwenu, vijana. Mwalimu Mkuu amenieleza kuwa wapo kati yenu wawili wa bweni moja, waliokuwa marafiki, ambao tangu mechi ya watani iliyopita hawasemeshani. Hakuniambia majina yao na sikumwuliza. Mimi nawaambia wote wawili: sitaki mwache utani. Shule isiyo na utani ni gereza. Taniani, zomeaneni, kateni migomba mkitaka, ingawa muombe ruhusa ya mwenye shamba. Lakini kabla hujafungua kinywa jiulize: huyu ninayetaka kumcheka, je, nimewahi kumsaidia kubeba ndoo? Akiugua malaria usiku, ni mimi nitakayemwamsha mlezi wa bweni? Akifiwa, nitakuwa wa kwanza kumfungia begi lake? Ikiwa jibu ni ndiyo, mcheke mpaka achoke. Ikiwa jibu ni hapana, funga kinywa, nenda ukachukue jembe kwanza.

Na kwetu sisi wa zamani nina neno. Tunapokutana kila mwaka tunasoma majina ya wenzetu na ya walimu waliotutangulia mbele ya haki. Ni jambo jema. Lakini sijapata kusikia jina la mpishi, wala la mlinzi, wala la yule aliyekuwa akitupigia kengele. Hao ndio walikuwa mashabiki wetu. Walisimama pembeni mwa uwanja wa maisha yetu, wakatushangilia, na majina yao hayakuandikwa popote. Naomba Katibu aanze kuyaandika, na mwakani yasomwe pamoja na mengine, baada ya familia zao kuulizwa.

Kaburi la mzee wetu nimelitembelea jana jioni. Nyasi zimeota kufika kiunoni, na kibao chake kimeanguka. Nimezungumza na Mwalimu Mkuu, naye amekubali kutupa majembe na mafyekeo kutoka stoo ya shule. Kesho saa moja asubuhi, kabla ya watu kuanza safari za kurudi makwao, mimi nitakwenda. Fundi wa kibao nimekwisha mlipa. Ni ule mchango wa mwaka 2013. Umechelewa, lakini umefika.

Rafiki yangu niliyemsema yupo humu ndani. Amekaa mstari wa tatu, na tangu nianze kusoma ameinamisha uso. Alinisamehe zamani, kwa maneno machache, kama ilivyo desturi yake. Lakini nilimkosea mbele ya watu, na haikuwa haki nimwombe radhi pembeni. Kwa hiyo, ndugu yangu, nasema mbele ya shule yetu yote: nisamehe. Na kwa Ally Mohamed, ambaye hawezi kunisikia, naomba Mwenyezi Mungu amlaze mahali pema. Alikuwa shabiki wa haki. Alitupa sisi watani wake mtu wa kumzomea kwa mapenzi, na pengo lake upande ule wa jukwaa nimeliona kila mara nilipokwenda uwanjani.

Kesho basi, ndugu zangu. Wa Yanga mtashika majembe, maana marehemu alikuwa wetu na ninyi ndio watani. Sisi wa Simba tutachota maji na kubeba nyasi. Tukimaliza kazi tutakaa kivulini chini ya mwembe, tunywe uji, na hapo ruhusa itakuwa wazi kwa kila mtu kusema analotaka juu ya msimu huu. Mimi mwenyewe nina maneno mengi niliyoyaweka akiba.